Mtoto asome upande gani? Mzazi wa mpakani hapaswi kungoja Desemba

Namanga, Busia, Mutukula, Rusumo, Sirari: wiki ya kwanza ya Januari sura ni ile ile. Mzigo wa sikukuu umekwisha, wateja wameishiwa, na mzazi aliyekuwa akihesabu faida wiki mbili zilizopita sasa anahesabu sare, madaftari, godoro la bweni na ada ya muhula wa kwanza. Hapo ndipo wengi huanza kuulizana kama mtoto asome upande huu au ule. Swali ni la maana, ila limeulizwa mwaka mmoja nyuma ya wakati, na pengine mitatu.

Anayeishi kwa kuvuka mpaka ana nafasi ambayo mzazi wa Dodoma au Nyeri hana. Mbele yake kuna mifumo miwili ya elimu iliyotenganishwa na geti moja. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kwenda kusoma nchi nyingine mwanachama kwa kibali cha mwanafunzi. Lakini itifaki hiyo haikuunganisha mitaala, wala mitihani, wala kalenda. Mfuko wa maharage una fomu yake rahisi ya forodha na cheti cha uasili, mradi mzigo wote usizidi thamani ya dola 2,000. Mtoto wa darasa la tano hana fomu ya namna hiyo. Akivuka anaanza kupimwa kwa kipimo kingine.

Hesabu ya madarasa

Kosa linalotokea mara nyingi ni kudhani kwamba darasa la sita ni darasa la sita popote.

Kenya imeuaga mfumo wa 8-4-4. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanyika mwaka 2023. Sasa mtoto anasoma miaka 2 ya awali, 6 ya msingi, 3 ya sekondari ya msingi na 3 ya sekondari ya juu. Kundi la kwanza la Gredi ya 9 lilifanya mtihani wa KJSEA mwaka 2025, na matokeo ya mtihani huo ndiyo yanayosaidia kuamua mtoto aelekee sayansi na ufundi, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mzazi wa upande wa pili anapaswa kuangalia jinsi alama zinavyopatikana: asilimia 20 hutoka kwenye KPSEA ya Gredi ya 6, asilimia 20 kwenye upimaji wa shuleni wa Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 kwenye mtihani wa Gredi ya 9 wenyewe. Mtoto anayehamishiwa Kenya akiwa na umri wa Gredi ya 8 anaingia uwanjani kipindi cha pili kimeshaanza. Anayetaka mtoto wake amalizie Kenya bila mkwamo amvushe kabla ya Gredi ya 6, au ajiridhishe mapema na shule kuhusu namna alama zilizokosekana zitakavyoshughulikiwa. Januari ya Gredi ya 9 ni kuchelewa.

Tanzania nayo inabadilika. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024, elimu ya msingi inashuka kutoka miaka 7 hadi 6. Walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliokuwa darasa la nne wakati huo, ambao bado wamo katika mpango wa zamani, watamaliza la saba mwaka huo huo wa 2027. Kwa hiyo Januari 2028 madarasa mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja. Mzazi mwenye mtoto katika mojawapo ya makundi hayo, na anayefikiria shule binafsi, ajue kwamba nafasi zitagombewa na watoto wa miaka miwili. Kulipia fomu ya kujiunga mapema si haraka isiyo na maana hata kidogo.

Uganda imebaki na miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari ya chini na 2 ya juu. Mtaala wa sekondari ya chini ulibadilishwa kuanzia mwaka 2020, na sasa asilimia 20 ya matokeo ya UCE inatokana na kazi za darasani za miaka ile, asilimia 80 na mtihani. Ni onyo lile lile la Kenya kwa sura nyingine: alama zinakusanywa njiani, na anayefika mwishoni anafika mikono mitupu.

Rwanda ina 6-3-3, inafundisha kwa Kiingereza, na mwaka wake wa masomo sasa huanza Septemba. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nazo huanza Septemba, na madarasa ya juu husoma kwa Kifaransa. Kwa mfanyabiashara wa Rusumo au Kabanga tofauti hii ya kalenda ina bei. Mtoto aliyemaliza msingi Rwanda mwezi Julai na anatakiwa kuanza Tanzania Januari atakaa miezi mitano bila shule. Miezi mitano kwenye kibanda cha mama ni mingi. Mtoto wa miaka 13 mwenye akili nyepesi atajua bei, atajua chenji, atajua wapi sarafu inabadilishwa vizuri, na ikifika Januari atakuwa anajiuliza darasani kuna nini. Biashara zenye kuchangamka nazo huwatoa watoto shuleni, ingawa jambo hili halisemwi sana kwa sababu mtoto anayeuza vizuri humfurahisha mzazi.

Lugha: Kiswahili hakitoshi, wala hakikosi

Watu wa mpakani huamini kwamba kwa kuwa Kiswahili kinaongewa pande zote, mtoto atazoea. Sokoni, ndiyo. Darasani ni habari nyingine.

Shule za msingi za serikali Tanzania hufundisha Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili. Mtoto aliyesoma Gredi ya 5 Kajiado akihamia Longido anaongea Kiswahili kizuri na wenzake, kisha mwalimu anaandika ubaoni kizio, kigawe, pembe kali, usanisinuru, na mtoto anakaa kimya. Dhana anazijua, lakini alifundishwa kwa Kiingereza. Anayetoka Longido kwenda Kajiado anakutana na ukuta ule ule kutoka upande wa pili: kugawanya sehemu anajua, ila swali la maneno lenye mistari minne ya Kiingereza linampita. Walimu wa shule za mpakani wanawafahamu watoto wa namna hii. Wanaonekana wazito kwa mwaka mzima, na wengine wanarudishwa darasa, hali akili zao hazina kasoro yoyote.

Tanzania ina kisigino kingine cha lugha, nacho ni kidato cha kwanza, ambapo masomo karibu yote hugeuka Kiingereza. Ndiyo maana wazazi wengi wenye uwezo kidogo hukimbilia shule za mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea. Si uamuzi mbaya, lakini una sharti moja kubwa: uwe na nguvu ya kuufikisha mwisho. Mtoto anayeanza mchepuo wa Kiingereza kisha ada inamshinda mzazi darasa la nne, akapelekwa shule ya serikali, anabeba gharama mara mbili. Fedha zimekwenda, na mtoto anaanza kujifunza Hisabati upya kwa maneno mapya mwaka huo huo wa upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Bora mtoto aliyesoma shule ya serikali tangu mwanzo na kusaidiwa Kiingereza jioni, kuliko aliyeyumbishwa katikati.

Akihamishwa, basi ahamishwe mwanzoni mwa mwaka, katika darasa lisilo na mtihani wa taifa, na apewe likizo nzima ya Desemba ya kusoma vitabu vya upande anaokwenda. Vitabu hivyo havigharimu kama muhula uliopotea.

Ada haijui kuwa soko limelala

Mfanyakazi wa ofisini hupata mshahara kila mwezi. Mfanyabiashara wa mpakani hupata kwa mafungu: mwezi huu mzigo umekwenda vizuri, mwezi ujao lori limelala siku nne. Shule nayo inadai kwa mafungu, lakini mafungu yake hayafuati ya soko. Ada inadaiwa Januari, baada ya sikukuu, fedha zikiwa zimetoka na mzigo mpya haujanunuliwa. Mzazi anaingiza mkono kwenye mtaji. Muhula wa kwanza mtoto yuko darasani, ila muhula wa pili duka lina nusu ya bidhaa na ada ya pili haina pa kutoka.

Chukua mfano wa mama anayevusha vitunguu vya Mang'ola kwenda Nairobi kupitia Namanga. Ada ya mtoto wake tuiweke shilingi 1,200,000 za Tanzania kwa mwaka. Akiitazama kama fungu la Januari inatisha. Akiigawa kwa safari mbili za mwezi, yaani 24 kwa mwaka, inakuwa 50,000 kwa kila mzigo. Fungu hilo linatoka kabla ya faida kuhesabiwa, pamoja na nauli ya lori na malipo ya wapakuzi, na linakwenda kwenye akaunti ya SACCOS au sanduku la kikoba, mbali na simu ile ile inayolipia mzigo. Anayesubiri kuona kitakachobaki mwisho wa mwezi hataona kitu. Na aanze kuweka Februari ya mwaka uliotangulia, ili Januari ikifika ada ya muhula wa kwanza iwe imekaa.

Kisha kuna sarafu, jambo ambalo wafanyabiashara hulielewa kwenye bidhaa na kulisahau kwenye ada. Kati ya Januari na Aprili 2024 shilingi ya Kenya ilipanda kutoka karibu 160 kwa dola hadi karibu 130. Shilingi ya Tanzania haikupanda nayo. Shilingi moja ya Kenya iliyokuwa ikibadilishwa kwa kama shilingi 16 za Tanzania ikafika karibu 20 katikati ya mwaka. Mzazi wa Arusha mwenye mtoto katika shule ya Kenya inayotoza shilingi 30,000 za huko kwa muhula alikuwa akitafuta kama 480,000 za Tanzania mwanzoni mwa mwaka, na kama 600,000 miezi michache baadaye. Shule haikuongeza hata senti. Aliyekuwa akiuza Kenya na kupata shilingi za Kenya hakuumia, bali alikuwa na ahueni. Kwa hiyo hesabu ya kwanza ya kuchagua upande ni hii: ada ilipwe kwa sarafu ambayo biashara inaiingiza. Asiye na njia hiyo abadilishe kidogo kidogo kila safari na kuweka, asingoje wiki ya kufungua shule ambapo kila mzazi yuko dirishani kwa wabadilishaji.

Na bidhaa yenyewe inaweza kusimamishwa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu kuvu, na ingawa zuio liliondolewa kwa masharti baada ya siku chache, malori yalikuwa yameshalala na mikataba imeshavunjika. Anayetegemea bidhaa moja kulipia shule awe na ada ya muhula mmoja mbele wakati wote. Ni mzigo mzito kuujenga, lakini ukishajengwa mara moja unabaki kuulinda tu.

Geti likifungwa

Februari 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa. Magazeti yaliandika zaidi juu ya malori. Lakini kulikuwa pia na watoto wa Rwanda waliokuwa wakisoma shule za upande wa Kabale na Kisoro, na wao walizuiwa kuvuka. Mpaka ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Hiyo ni karibu miaka mitatu, sawa na sekondari ya chini nzima ya Rwanda. Januari 2024 Burundi nayo ilifunga mpaka wake na Rwanda.

Wakati wa korona kila nchi ilichukua njia yake. Tanzania ilifungua shule zote mwishoni mwa Juni 2020. Kenya ilirudisha madarasa ya mtihani Oktoba 2020 na wengine Januari 2021. Uganda haikufungua kikamilifu hadi Januari 2022. Familia yenye mtoto mmoja Bukoba na mwingine Masaka, umbali wa saa chache kwa gari, iliona mmoja akipanda darasa huku mwingine akikaa nyumbani.

Mzazi hawezi kuzuia mambo ya serikali. Anachoweza ni kujiuliza kabla ya kulipa: geti likifungwa kesho saa nne asubuhi, mtoto atalala wapi? Kama hakuna shangazi, mjomba au rafiki wa kuaminika upande ule, shule ya kutwa ya kuvuka kila siku ni hatari kwa mtoto mdogo. Awepo mlezi anayejulikana kwa mwalimu mkuu, kwa jina na namba ya simu, kwa barua iliyosainiwa na wazazi wote wawili.

Wengi hufikiri bweni ndilo jibu, hasa mama anayesafiri siku tatu kwa wiki. Upande wa Tanzania njia hiyo imepunguzwa: tangu Machi 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Mfanyabiashara aliyepanga kumwacha mtoto wa miaka saba bwenini inabidi ampate bibi, dada wa kazi mwenye busara, au jirani wa kulipana naye kwa utaratibu, na gharama hiyo iingizwe kwenye hesabu ya shule tangu mwanzo.

Karatasi

Hapa si pa kukaa sana, lakini ndipo watu hukwama. Cheti cha kuzaliwa kipatikane mapema, kutoka nchi aliyozaliwa mtoto. Bila hicho Kenya haimwandikishi vizuri kwenye mfumo wa wanafunzi, na bila usajili huo mtihani unakuwa mashaka. Kibali cha mwanafunzi kiombwe Uhamiaji hata kama kijiji kizima kinavuka bila kuulizwa. Siku ya msako haichagui nani amezoeleka. Barua ya uhamisho na namba ya mwanafunzi zichukuliwe kutoka shule ya zamani kabla ya kuondoka, deni likiwa limelipwa, maana shule nyingi hushikilia karatasi kwa ajili ya deni.

Kwa wakubwa, matokeo ya nje yanalinganishwa na baraza la mitihani la nchi anayokwenda: NECTA Tanzania, KNEC Kenya, UNEB Uganda. Kazi hiyo ina ada yake na foleni yake. Na mzazi mwenye ndoto ya chuo kikuu aangalie mbali zaidi. Mwenye KCSE amesoma miaka 12, wakati wa kidato cha sita wa mpango wa zamani wa Tanzania au wa Uganda amesoma 13. Ndiyo maana wenye KCSE huulizwa maswali wakiomba shahada Kampala au Dar es Salaam. Bodi za mikopo, HESLB ya Tanzania na HELB ya Kenya, hukopesha raia wa nchi zao. Mtoto aliyesomeshwa ng'ambo tangu darasa la kwanza anaweza kufika mlango wa chuo akiwa na vyeti vya nchi moja na uraia wa nyingine, akalazimika kuanza kulinganisha vyeti wakati wenzake wanajaza fomu za mkopo.

Kuiona shule siku ya kawaida

Siku ya kufungua shule kila kitu kimepakwa rangi. Anayetaka kujua ukweli aende Jumatano ya mwezi wa tano au wa tisa, saa tano asubuhi, akiwa safarini na mzigo wake. Asikilize kama walimu wako madarasani. Aangalie daftari la mtoto yeyote wa darasa analolitaka, aone limesahihishwa lini mara ya mwisho. Aulize chakula, choo cha wasichana, na umbali wa kituo cha afya.

Swali moja lisiachwe: shule ina namba yake ya kituo cha mtihani? Katika nchi zote tatu kubwa za soko hili zipo shule zenye majengo mazuri ambazo hazijapata kituo, na husajili watahiniwa wake katika shule nyingine. Mzazi hugundua mwaka wa mwisho, mtoto anapoambiwa atafanyia mtihani mahali asipopajua na jina lake halionekani kwenye orodha. Namba hiyo iandikwe kwenye daftari la biashara, kisha iulizwe ofisi ya elimu ya wilaya au ya kaunti. Kuuliza huchukua asubuhi moja, na nafasi ya kumhamisha mtoto bado ipo kama jibu likiwa baya mapema, yaani kabla usajili wa watahiniwa wa mwaka huo haujafungwa.